Sidii ya Allen

Ukimuuliza Gibson Mwaipopo nyumbani kwake ana kitu gani cha thamani, hatakutajia kiwanja, wala friji, wala ile pikipiki anayoipangusa kila asubuhi utadhani inakwenda harusini. Au tuseme alikuwa hakutajii. Siku hizi hata kuulizwa hataki. Lakini kwa zaidi ya miaka kumi jibu lake lilikuwa moja. Angekutazama kwanza, akupime kama unafaa kuambiwa, kisha angesema, "Nina sidii zangu." Na ukicheka, urafiki wenu umekwisha hapo hapo.

Sidii zenyewe zilikuwa mia moja arobaini na tatu, zote za gemu, za zile mashine za zamani za kijivu zilizokuwa zikichomekwa kwenye televisheni za chogo. Za mpira, za ngumi, za magari, za watu wanaorukaruka juu ya mapaa wakikimbizana na majitu. Nyingine zilikuwa za dukani, na kava zake na vitabu vyake. Nyingine zilikuwa za kuchomwa Kariakoo, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Ziliishi chini ya kitanda chake, Mbagala Kizuiani, ndani ya sanduku la bati la kijani ambalo mama yake alishuka nalo kutoka Tukuyu mwaka 1989. Kila sidii ilivalishwa mfuko wake wa nailoni, na kila mfuko ulikuwa na namba.

Namba hizo ziliandikwa na mtu anayejua kuandika namba. Gibson ni mtunza stoo wa shule ya sekondari, na anaipenda stoo yake kuliko walimu wanavyolipenda darasa. Mwalimu akitaka boksi la chaki atasaini, ataeleza la mwanzo lilikwendaje, na bado atapewa nusu. Kwa tabia hiyo hiyo Gibson hakuoa. Mwanamke mmoja alikuja akakaa mwaka na miezi, kisha akafungasha, akawaambia majirani kwamba amechoka kuomba ruhusa ya kufungua kabati.

Sanduku la kijani lina historia yake. Mama yake Gibson, Bi Atuganile, alikuwa akiweka humo vitenge vyake vya maana na suti ya marehemu mumewe, na katikati ya nguo anatupia vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuza mende na nondo. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa dawa, hakuiita jina jingine. Mtoto akiumwa atapelekwa hospitali, lakini nguo inapewa dawa. Na dawa ilifanya kazi, hilo hakuna wa kulipinga. Mwaka 2010 mdogo wake Gibson, aitwaye Allen, alipofunga ndoa, aliivaa suti ya baba yao iliyokaa sandukuni miaka kumi na tatu. Haikuwa na tundu hata moja. Mchungaji alipiga chafya mara mbili akiwa anawaunganisha mikono, kanisa zima likacheka, na Bi Atuganile akatembea na hiyo sifa mwezi mzima. Gibson aliyaona hayo kwa macho yake. Akaweka akilini kwamba kitu cha thamani mahali pake ni sandukuni, na dawa juu.

Sasa tuje kwa Allen, kwa sababu bila Allen hizi zingekuwa sidii tu.

Mwaka 2005 Gibson alifungua kibanda cha gemu mbele ya nyumba yao. Mabati, mabenchi mawili, televisheni mbili, pedi nne ambazo mbili zilikuwa zimefungwa kwa gundi ya karatasi. Gibson ndiye aliyekuwa na mashine na sidii na ufunguo. Lakini vijana wa Kizuiani hawakuwa wanakuja kwa Gibson. Walikuwa wanakuja kwa Allen, ambaye kazi yake pale haikuwa na jina. Allen alikuwa anasimama nyuma ya wachezaji na kutangaza. Mechi ikianza tu, naye anaanza, kama yupo redioni, ila wachezaji wa kizungu kwenye kioo anawapa majina ya watu wa mtaa. Beki mrefu ni Deogratias kinyozi. Winga ni Sebastian wa kwa mama Yasmini. Sebastian akipoteza mpira, Allen anamweleza dunia nzima kwamba huyu jana alipewa maji ya kuoga akayanywa. Watu walikuwa wanaingia kibandani hawachezi, wanakaa tu wacheke waondoke.

Na goli likifungwa, Allen alikuwa na lake. Mama yao alikuwa anapika maharage ya kuuza jioni, pale pale uani, na jiko lake lilikuwa upande wa pili wa bati. Goli likiingia Allen anageukia bati lile na kupiga ukelele, "Mama, epua! Epua mama, imeivaaa!" Anaivuta ile "imeiva" mpaka pumzi inamwisha. Na Bi Atuganile kutoka uani anajibu, "Nani kafunga?" Hilo lilitokea kila goli, kila siku, miaka yote ile, na mama yule hakuchoka kuuliza wala hakuwahi kuelewa jibu.

Mwaka 2007 akatokea Gregori. Gregori alikuwa fundi wa mashine za gemu pale Rangi Tatu, kijana mwenye kompyuta wakati ambapo mwenye kompyuta alikuwa anasalimiwa na wazee. Siku moja alikuja kubadilisha lenzi, akamsikiliza Allen, akasahau bisibisi mkononi. Akamwambia, "Dogo, sauti yako mie naweza kuiingiza humu ndani ya gemu. Yule mzungu anayetangaza namtoa, nakuweka wewe."

Watu walidhani anajisifu. Hakuwa anajisifu. Walitundika magodoro ukutani chumbani kwa mama, Allen akakaa katikati na kipaza sauti, akatamka kila kitu kipande kipande: majina ya mtaa mzima, pasi, kona, faulo, matusi yasiyokuwa matusi, na "Mama, epua" za aina saba, ya goli la kawaida, ya penalti, ya dakika za mwisho. Wiki tatu. Gregori akavipanga vipande vyote ndani ya gemu, akachoma sidii mbili. Ilipowashwa mara ya kwanza kibandani, ikasikika sauti ya Allen ikitoka kwenye televisheni wakati Allen mwenyewe amekaa kwenye benchi kimya, mkono mdomoni, machozi yanamtoka kwa kucheka. Goli likaingia, televisheni ikamwita mama, na mama kutoka uani akaitikia, "Nani kafunga?"

Sidii ya kwanza ilichezwa mpaka ikafa. Ilikwaruzika, ikapakwa dawa ya meno na kusuguliwa, ikafufuka, ikakwama tena, na mwaka 2011 ikagoma kabisa. Kompyuta ya Gregori nayo ilikuwa imeshaungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Ikabaki sidii ya pili, haijawahi kuingia kwenye mashine hata mara moja. Allen akasema, "Hii tuiweke kwanza, tutaifungua siku tukipata mashine nzima." Alisema kama mtu anavyosema neno la kupita, anafunga kamba za viatu.

Aprili 2012 lori lilimgonga Allen Barabara ya Kilwa, saa tano asubuhi, akiwa ametumwa mkaa. Simu yake iliokotwa na watu pale pale barabarani na haikurudi. Aliacha mke, Herieth, na mtoto wa miezi minane aliyeitwa Hope. Aliacha picha nyingi. Sauti aliiacha mahali pamoja tu, kwenye sidii ambayo Gibson, wiki moja baada ya mazishi, aliivisha mfuko mpya wa nailoni akaandika juu yake namba moja.

Kibanda kilifungwa mwaka uliofuata. Watu walisema ni simu zimeua biashara ya gemu, na Gibson akawaacha waseme hivyo. Ukweli ni kwamba kibanda kilikuwa kimya, na watu hawalipi kukaa kwenye bati kimya. Vitenge vya mama vikahamia kabatini, sidii zikaingia sandukuni, zikapangwa kwa namba. Juu yake Gibson akamwaga naftalini, si kidonge kimoja kimoja kama mama yake, bali konzi nzima, kwa sababu aliona sidii ni za maana kuliko vitenge. Kila Januari anafungua, anakuta vidonge vimekwisha, anaongeza vingine. Hakujiuliza hata siku moja vinakwenda wapi.

Mtu wa kwanza kuiomba ile sidii alikuwa Gregori, mwaka 2015. Alikuja na kompyuta mpya mgongoni.

"Braza Gibi, sitaki hata soda. Nipe ile ya Allen niikopi. Dakika ishirini tu. Naiweka humu, naweka kwenye flashi, moja nampa shemeji Herieth. Mtoto akikua atamsikia baba'ake."

"Ukishaikopi itakuwaje?"

"Zitakuwa mbili."

"Ndiyo hapo. Sasa hivi iko moja."

Gregori akamtazama. "Kwani ikiwa moja ndiyo inakuwaje?"

Gibson akaanza kueleza habari nyingine, kwamba mashine za siku hizi zina lenzi mbovu, zinakwaruza, kwamba hana imani na kompyuta, kwani ya kwanza si iliungua?

"Sikia, braza," Gregori akasema, "hizi za kuchoma haziishi milele. Za dukani zimegongwa kiwandani, zina kovu. Hizi zimepigwa mwanga tu. Zinazeeka hata ukiziacha zimelala."

"Hii haizeeki. Nimeiwekea dawa."

Gregori akacheka, akijua ni utani. Hakuuliza dawa gani. Mpaka leo ukikaa naye kwenye fremu ya duka lake pale Rangi Tatu, atakwambia kwamba kuna swali moja maishani alilimeza na halijashuka.

Kwa nini Gibson alikataa? Nimesikia watu wengi wakimtetea, kwamba ni uchungu wa msiba, kwamba kila mtu analia kwa njia yake. Huenda. Lakini mie nitasema ninavyoona. Allen alipokuwa hai, watu walikuja pale nyumbani kwa ajili ya Allen, na Gibson alikuwa kaka'ake Allen, yule mwenye ufunguo. Allen alipokufa, kila aliyemtaka Allen ilibidi apige hodi kwa Gibson. Mke akaja, fundi akaja, vijana wa zamani wa kibandani wakaja na wake zao. Wote waliongea naye kwa upole, wakisubiri aseme ndiyo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na kitu ambacho watu walikitaka, na alijua kwamba siku akikitoa, hodi zitakoma.

Basi akazidi kuvimba. Aliingia kwenye kundi moja la mtandaoni la watu wanaokusanya gemu za zamani, wengine wako Nairobi, wengine sijui wapi huko, akasoma humo kwamba gemu yenye bei ni ile ambayo haijaguswa. Iliyofunguliwa imeshuka. Iliyochezwa imeshuka zaidi. Alikuwa anasoma hayo kwa sauti mbele ya mama yake, anatikisa kichwa, kama mtu aliyepata andiko la kumthibitishia aliyokuwa akiyaamini siku zote. Hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba wenzake wanaongelea bidhaa, na yeye chini ya kitanda ana ndugu yake.

Herieth alikuja kutoka Kipawa, anakofundisha watoto wa chekechea, Hope akiwa na miaka sita. Mtoto alimwamkia baba mkubwa vizuri, akakaa kwenye mkeka, akazungusha macho chumba kizima, kisha akauliza, "Baba mkubwa, eti baba yuko kwenye sanduku?"

Gibson alicheka kwa fahari. "Yupo."

"Naomba nimsikie."

"Ukikua."

"Nimeshakua. Niko darasa la kwanza."

Herieth hakucheka. Alimwambia mtoto akamsalimie bibi uani. Walipobaki wawili akasema, "Shemeji, mie sikuombi sidii. Nakuomba sauti. Ufungue mara moja, nirekodi kwa simu, basi. Sidii baki nayo, ni ya kwako."

"Herieth, hiki kitu kikichezwa kinaisha. Wewe huelewi haya mambo. Ya kwanza iliisha hivi hivi, mkiona."

"Iliisha watu wakicheka," Herieth alisema.

Neno hilo lilimkata maini, na kwa sababu lilimkata, akataka kumwonyesha kwamba yeye si mchoyo. Akasimama, akamwita mama yake aingie awe shahidi, akaahidi. Siku Hope atakapopata kipaimara, mbele ya ukoo wote, sanduku litafunguliwa na mtoto atamsikia baba yake. Siku hiyo, si kabla. Bi Atuganile, ambaye macho yalishaanza kupoteza nuru, akapiga vigelegele. Herieth alisema ahsante. Alimshika mtoto mkono wakaondoka, na kwa miaka minane hakuuliza tena, maana mwanamke yule akishapewa ahadi huisubiri.

Kipaimara kilikuwa Desemba iliyopita.

Sherehe ilifanyika kwa Gibson, yeye mwenyewe alisisitiza. Alipaka rangi ukuta wa mbele. Alikodi viti na turubai. Alimtuma Gregori atafute mashine ya kijivu nzima, na Gregori aliisaka wiki mbili, akaipata kwa mtu Kigamboni, akabadilisha lenzi kwa gharama yake, akaja nayo imefungwa kwenye kanga. Deogratias kinyozi alikuja, sasa ana kitambi. Sebastian alikuja na watoto watatu, ameshawaambia njia nzima kwamba leo watamsikia baba yao akitajwa kwenye televisheni. Hope alivaa gauni jeupe na alikuwa amealika wenzake wanne wa shule. Ana shingo ya Allen na hawezi kutulia kwenye kiti kama Allen.

Baada ya pilau, Gibson akasimama. Alikuwa ameandaa hotuba. Alieleza maana ya kutunza. Aliwakumbusha wazazi kwamba watoto wa siku hizi hawajui kutunza kitu, kila kitu wanafuta, kila kitu wanatupa, na kwamba yeye, watu walimsema sana, wengine wako hapa hapa, lakini leo wataona faida yake. Herieth alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe. Hope alikuwa akilitazama sanduku.

Akalifungua.

Harufu ilitoka kwanza. Waliokaa mbele wakarudisha viti nyuma, watoto wakaziba pua, Sebastian akakohoa. Bi Atuganile peke yake, ambaye sasa hakuwa akiona kabisa, alitabasamu kwenye kiti chake cha kamba kando ya mlango. "Imekaa vizuri," akasema. "Nasikia dawa."

Gibson akatia mkono akatoa mfuko namba moja. Ulikuwa unanata, akadhani ni joto la Desemba. Akaingiza vidole viwili kuitoa sidii, haikutoka. Ilikuwa imegandana na nailoni kama kibandiko. Alijua watu wanamtazama, na mtu anayetazamwa hana subira, basi akabana, akavuta. Ikatoka kwa sauti ya kitu kinachobanduka. Akaiinua juu ili ukoo wote uione.

Waliiona. Walimwona na Gibson nyuma yake. Sidii ilikuwa nyeupe pee, kama kioo cha saa, unaona pua ya mtu upande wa pili. Ile ngozi yake ya fedha, yote, na jina la Allen lililoandikwa juu yake kwa wino mzito, ilikuwa imebaki kwenye nailoni katika mkono wake wa kushoto, imekunjamana kama ganda la pipi.

Gibson mwenyewe alikuwa bado ameinua mkono.

Gregori ndiye aliyefika mbele. Akachukua mfuko, akaunusa, akainama akachungulia sandukuni, akatoa konzi ya vidonge vilivyokwisha nusu.

"Braza. Umeweka nini humu?"

"Naftalini."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Kila Januari naongeza."

"Unaongeza kwa sababu vimeisha."

"Ndiyo."

"Vilikuwa vinakwenda wapi, Gibi?" Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini turubai zima lilisikia. "Vile vidonge vikiisha, ulikuwa unadhani vinakwenda wapi? Bati limefungwa, joto la Mbagala, miaka kumi na miwili! Nguo haidhuriki na hewa ile. Plastiki inainywa. Inalainika, inanata, na hizi za kuchoma ngozi yake ni nyepesi kuliko karatasi." Alikuwa ameshavuta mifuko mingine, ya dukani, akaifungua moja baada ya nyingine, akazigeuzageuza sidii kwenye mwanga. Kava zilikuwa zimejikunja, lakini sidii zenyewe zilikuwa zinang'aa. "Hizi nzima. Hii nzima. Hii nayo nzima. Zako zote nzima."

Alisema hivyo kama fundi, hakukusudia ubaya. Gibson aliposikia "zako" akakaa chini.

"Ijaribuni tu," Hope akasema.

"Mwanangu, haina kitu," Gregori akamjibu.

"Jaribu tu, anko. Tafadhali."

Gregori akaiweka kwenye mashine, kwa sababu nani angemkatalia mtoto mwenye gauni la kipaimara. Mashine ikazunguka. Ikakwaruza, ikatulia, ikazunguka tena, inatafuta, na watu wazima wenye akili zao timamu walikuwa wamenyoosha shingo kuelekea kwenye televisheni. Kisha kioo kikaandika kwamba hakuna sidii ndani.

Mtoto mmoja wa Sebastian akauliza baba atatajwa saa ngapi, akafinywa.

Hope akasogea mpaka kwa baba yake mkubwa. Hakuwa analia. Alikuwa na ile sura ya mtu anayetafuta njia nyingine. "Baba mkubwa," akasema, "si wewe ulikuwa unamsikia kila siku? Alikuwa anasemaje? Sema kama yeye."

Gibson akanyanyuka. Na hapa lazima niseme kwamba alijaribu, mtu asije akasema hakujaribu. Alijua maneno yote. Alijua mahali pa kupumua. Alikuwa amesimama ndani ya bati lile na sauti ile miaka saba, hatua mbili nyuma yake. Akageukia uani, akafungua mdomo.

"Mama, epua," akasema. "Epua mama, imeiva."

Ilitoka kama anavyowaambia walimu wasaini hapa. Akasafisha koo akarudia, kwa nguvu zaidi, akaivuta ile "imeivaa", na ikawa mbaya zaidi, ikawa ya mtu mzima anayepiga kelele sherehe ya watu. Aliitafuta sauti ya Allen kichwani aifuate, na ndipo alipogundua kwamba haipo. Maneno yalikuwepo. Vicheko vya watu vilikuwepo. Sauti yenyewe hakuwa nayo. Kwa miaka yote ile hakuhangaika kuikumbuka, kwa sababu alijua iko chini ya kitanda.

Bi Atuganile aliinua uso kwenye kiti chake. "Nani huyo anayepika?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Aa. Nikadhani mgeni."

Herieth akaanza kukusanya sahani. Aliokota moja moja, akazipanga, akafuta pembe ya meza kwa kiganja, na alipopita mbele ya Gibson hakusema neno, wala hakukunja uso. Angemtukana ingekuwa nafuu. Deogratias alikumbuka ana mteja. Viti vikaanza kupungua.

Gregori aliizima mashine, akaitoa ile sidii, akasimama nayo hajui aiweke wapi. Hope akaipokea. Aliiweka jichoni akachungulia turubai, akachungulia bibi yake, akamchungulia mama yake anayekwenda uani na sahani. Kisha akaja kwa Gibson, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa, na akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Shika, baba mkubwa," akasema. "Mama alisema sidii ni ya kwako."

Gibson akaipokea. Aliwasindikiza mpaka barabarani, Herieth akamwambia wabaki salama, na Hope alipunga mkono mara moja.

Aliporudi, turubai lilikuwa linashushwa. Akaingia chumbani, akapiga magoti, akairudisha sidii kwenye mfuko wake, pamoja na ile ngozi yake iliyokunjamana, namba moja, mahali pake. Akafunika sanduku akalisukuma chini ya kitanda. Bati likakwaruza sakafu, na mama yake akalisikia kutoka mlangoni.

"Gibi," akaita. "Umeweka dawa?"

Hakuna aliyekuwa amemweleza yule mama kilichotokea. Gibson alibaki pale pale kwenye magoti, mikono imemjaa ile harufu.

"Nimeweka, mama."